Kuvuka na Kudhuru: Historia ya Sheria ya Udhia na Uingiliaji katika Migogoro ya Uchafuzi wa Mashamba, Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya dhana mbili za sheria ya madai, yaani udhia na uingiliaji wa ardhi, kutoka mahakama za Uingereza hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja yake ni kwamba mkulima asiye na hati ya ardhi hakunyimwa haki na sheria ya kale ya udhia kwa kiasi kinachodhaniwa. Kilichomfungia mlango, kwa sehemu kubwa, ni maneno: orodha ya mashauri katika sheria ya mahakama za vijiji, neno moja la Katiba ya 1995, na ulegevu wa istilahi za Kiswahili katika kumtenga mwenye ardhi na yule anayeikalia.

Mto mmoja, malalamiko ya aina mbili

Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, hupita Mbarara, kisha hujimwaga katika mfumo wa maziwa na vinamasi ambao Ziwa Mburo na Ziwa Nakivale ni sehemu yake, kabla ya maji kuendelea kuelekea Ziwa Viktoria. Wakazi wa Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, hunywa maji ya mto huo baada ya kusafishwa. Wakimbizi wa Nakivale, walio takriban kilomita 60 kutoka mjini katika Wilaya ya Isingiro iliyomegwa kutoka Mbarara, hunywa maji yanayosukumwa kutoka ziwani. Mwaka 2006 ardhioevu ya Mburo na Nakivale iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Kwa hiyo kinachomwagwa kwenye kilima kimoja huweza kufika mdomoni mwa mtu aliye mbali na kilima hicho, asiyemjua aliyekimwaga wala kujulikana naye.

Eneo hili ni la ng'ombe na migomba. Ufugaji una adui wake wa siku zote, kupe, aenezaye ndigana kali, na silaha ya mfugaji ni dawa ya kuogeshea mifugo, iwe kwa josho au kwa bomba la mgongoni. Utafiti wa kimaabara uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kupe katika ukanda wa ufugaji wa Uganda wamekuwa sugu kwa dawa za zaidi ya kundi moja. Mfugaji anayeona kupe hafi huongeza kipimo, hufupisha muda kati ya uogeshaji mmoja na mwingine, au huchanganya dawa mbili. Mabaki huoshwa na mvua hadi bondeni. Upande wa wakulima, kulima miteremko na kukausha vinamasi hushusha tope mtoni, na tope hilo hubeba mbolea na dawa za shambani.

Malalamiko yanayozaliwa na hali hiyo ni ya namna mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha mjadala huu. Ng'ombe akiingia katika maharage ya jirani, kosa lina saa yake, lina nyayo zake, na mara nyingi lina mchunga wake aliyekamatwa papo hapo. Wasemaji wa Kinyarwanda, ambao ni wengi Nakivale tangu mwanzo wake, wana kitenzi kimoja kwa tukio hilo, *konesha*, yaani kuwaachia mifugo waharibu mazao ya mtu. Lakini maji ya kisima yakibadilika harufu, au samaki wakipungua, hakuna nyayo. Kuna shaka tu, na shaka katika makazi yenye watu zaidi ya laki moja kutoka mataifa mbalimbali ni kitu cha hatari.

Ardhi isiyo na hati

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, wakati Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda walipoingia Ankole. Msingi wa kisheria wa kuigawa ardhi hiyo ulikuwa umekwisha kuwekwa zamani. Mkataba wa Ankole wa 1901 uliiweka ardhi isiyolimwa chini ya Serikali ya Kiingereza, na baada ya uhuru wa 1962 ardhi ya namna hiyo iliendelea kuwa ya umma. Aliyepewa kipande Nakivale alipewa matumizi.

Historia iliyofuata haikuwa tulivu. Oktoba 1982 maelfu ya Wanyarwanda, wakiwemo waliozaliwa Uganda, walifukuzwa katika makao yao Ankole; wengine walivuka kwenda Rwanda na wengine walisukumwa katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Baada ya 1994 wengi wa wakimbizi wa zamani walirejea Rwanda, na sehemu ya ardhi waliyoiacha ikakaliwa na raia. Kisha wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Kadiri idadi ilivyoongezeka, vipande vya kugawiwa vilipungua ukubwa. Kanuni za Wakimbizi za 2010 ziliandika kile kilichokuwa desturi: mkimbizi aliye katika makazi yaliyotengwa huruhusiwa kuitumia ardhi kwa kilimo au malisho ya familia yake, lakini hawezi kuiuza, kuikodisha wala kuihamisha kwa njia nyingine. Ibara ya 237 ya Katiba, kwa upande wake, inatamka kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda.

Kutokana na maelezo hayo, ni rahisi kufikia uamuzi ambao maofisa wengi na hata wakimbizi wenyewe huufikia: asiye na ardhi hana cha kushitakia. Uamuzi huo una mantiki ya kawaida. Katika sheria ya madai, hata hivyo, si sahihi, na kosa lake limedumu kwa kuwa halijawahi kutazamwa kwa historia.

Zizi la nguruwe, bomba la paa na mabwawa ya chaza

Maneno mawili ya Kiingereza yanayofasiriwa hapa kuwa uingiliaji na udhia yote yalitoka katika Kifaransa cha kale kilichotumiwa mahakamani Uingereza baada ya uvamizi wa Wanormani. La kwanza lilikuwa na maana ya kuvuka, la pili maana ya kudhuru. Asili hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Kwa kosa la kwanza hutosha kuvuka mpaka bila ruhusa, hata kama hakuna jani lililokanyagwa. Kwa kosa la pili lazima pawe na madhara au bughudha ya kiasi kisichovumilika kwa mtu wa kawaida, hata kama mkosaji hajawahi kutia mguu kwa jirani.

Udhia ulikuwa sheria ya uchafuzi wa mashamba tangu mapema. Mwaka 1610 William Aldred wa Norfolk alimshitaki jirani yake kwa kujenga zizi la nguruwe karibu na nyumba yake, harufu ikawa haikaliki. Upande wa mshitakiwa ulijitetea kwamba nguruwe ni riziki ya watu na kwamba mtu hapaswi kuwa na pua ya kifahari kiasi cha kushindwa kuvumilia harufu yao. Mahakama ilimpa ushindi Aldred. Utetezi ule wa riziki haukufa. Husikika hadi leo kila mfugaji wa Mbarara anapoelezwa kwamba maji ya josho lake yameteremka bondeni.

Shauri la Reynolds dhidi ya Clarke la 1725 lilichora mstari mwingine. Mtu aliweka bomba la paa, mvua ikanyesha, maji yakaingia uani kwa jirani na kuoza ukuta. Je, hilo lilikuwa kuvuka? Mahakama ilisema hapana: kitendo chenyewe kilifanyika kwa mtendaji, na maji yalifuata baadaye kama matokeo. Mfano uliotolewa ni wa gogo. Anayelirusha likampiga mtu amemvamia, na anayeliacha njiani mtu akajikwaa usiku amesababisha madhara ya mkondo mwingine. Kwa mtazamo huo, dawa iliyomwagwa juu ya kilima na kubebwa na mvua hadi shamba la chini ni suala la udhia. Dawa iliyonyunyizwa ikaangukia moja kwa moja shamba la jirani huweza kuwa uingiliaji. Tone ni lilelile; kinachobadilika ni njia lililopita.

Karne ya 19 iliongeza kanuni ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyothibitishwa na Baraza la Malodi mwaka 1868, kwamba anayekusanya katika ardhi yake kitu chenye kuleta hatari kikitoroka hujibu bila kuhitaji kuthibitishiwa uzembe. Kilimo cha kawaida kwa jumla kilibaki nje ya kanuni hiyo kwa kuhesabiwa matumizi ya asili ya ardhi. Mwaka 1994, katika shauri la kampuni ya maji ya Cambridge dhidi ya kiwanda cha ngozi, Baraza hilohilo lilidai zaidi: aina ya madhara iwe iliweza kutabirika. Kwa dawa za kupe sharti hilo si zito. Vibandiko vya dawa hizo kwa kawaida huonya kwamba ni sumu kwa samaki. Swali linalobaki ni kama mtumiaji aliweza kusoma lugha ya kibandiko.

Lakini shauri lenye uzito mkubwa zaidi kwa Nakivale ni lile la Foster dhidi ya Halmashauri ya Warblington. Foster alikuwa mfanyabiashara wa chaza huko Emsworth, pwani ya kusini ya Uingereza. Kwa miaka mingi alikuwa akihifadhi chaza wake katika mabwawa ya ufukweni na kuwazuia watu wengine. Mwaka 1902 watu waliokula chaza wa Emsworth katika karamu waliugua homa ya matumbo, na ikabainika kwamba majitaka ya halmashauri yalikuwa yakimwagwa juu ya mabwawa. Biashara ikaanguka. Foster aliposhitaki, halmashauri haikukana tu uchafuzi. Ilimwuliza hati yake iko wapi. Hakuwa nayo iliyokamilika. Mahakama ya Rufani, mwaka 1906, ilijibu kwamba aliyeikalia sehemu peke yake kwa dhahiri na kwa muda mrefu anaweza kumshitaki mchafuzi, na mchafuzi asiye mwenye ardhi hawezi kujikinga kwa hati ya mtu wa tatu.

Mkulima wa Juru au Rubondo aliyegawiwa kipande, akakipanda, akakiwekea mpaka wa miti na kuwazuia wengine, anakaribiana sana na Foster. Pengine hali yake ni bora zaidi, kwa kuwa kipande chake alipewa na mamlaka yenye uwezo wa kukigawa. Kutokuwa na ruhusa ya kukiuza hakuhusiani na swali la nani amekichafua.

Nani aliye ndani ya nyumba

Upande mgumu wa historia hiyo ni wa 1907, katika shauri la Malone dhidi ya Laskey, ambamo mke aliyeumizwa na kifaa kilichoanguka kwa mtetemo wa mashine ya jirani alikataliwa dai la udhia kwa kuwa hakuwa na haki yoyote katika nyumba. Mwaka 1997, katika Hunter dhidi ya Canary Wharf, wengi wa Malodi walithibitisha msimamo huo: dai la udhia ni la mwenye haki katika ardhi au aikaliaye peke yake, wake, watoto na wageni hawamo. Lord Cooke alipinga, akisema kwamba anayeishi nyumbani anatosha.

Kwa makazi ya wakimbizi tofauti hiyo si ya kinadharia. Kipande hugawiwa kaya, na kaya ina mkuu wake. Anayechota maji, anayepalilia maharage na anayemwogesha mtoto kwa maji hayo mara nyingi si yule ambaye jina lake linatangulia katika karatasi. Kufuata wingi wa 1997 kungemaanisha kwamba wanaodhurika zaidi ndio wasioweza kusema. Hakuna ulazima wa kuufuata. Sheria ya Kiingereza iliingia Uganda kwa Amri ya Kifalme, na tarehe ya mapokezi ni 11 Agosti 1902. (Kenya ilipokea yake kuanzia 12 Agosti 1897, na Tanganyika 22 Julai 1920.) Maamuzi ya Kiingereza ya baadaye hushawishi tu, hayafungi. Ajabu ni kwamba maandishi ya Afrika Mashariki kuhusu mada hii huyanukuu ya 1997 kwa heshima kubwa na kuyasahau ya 1906.

Mahakama ya Juu ya Uganda yenyewe ilisema jambo la msingi katika shauri la Lutaaya dhidi ya kampuni ya ujenzi ya Stirling, Rufaa ya Madai Na. 11 ya 2002. Jaji Mulenga alieleza kwamba kosa la uingiliaji hutendwa dhidi ya mtu aliye na ardhi mikononi mwake, kwa hakika au kwa mujibu wa sheria, na halitendwi dhidi ya ardhi kama ardhi. Ni roho ileile ya Foster, ikitamkwa Kampala.

Njia ya umma na udhia unaohama

Serikali ya kikoloni haikuutegemea ujirani pekee. Sheria ya Afya ya Umma ya Uganda ya 1935 iliufanya udhia kuwa jambo la mkaguzi wa afya. Mazizi, mashimo ya samadi na mitaro ikawa mambo ya notisi na faini, na Sheria ya Kanuni za Adhabu ikaweka kosa la kuchafua maji ya chemchemi ya umma. Faida ilikuwa kwamba mlalamikaji hakuhitaji wakili. Hasara ilikuwa kwamba hakupata fidia, na kwamba mkaguzi alikuwa wa mjini kwanza. Mbarara ilikuwa na makao ya wilaya na ofisi zake, mabonde yalingojea.

Mahakama za eneo zilipata nafasi ya kuipanua njia hiyo na zilitofautiana. Nairobi, mwaka 1989, Wangari Maathai alipotaka kuzuia jengo refu katika Bustani ya Uhuru, Mahakama Kuu ilimwambia hakuwa na dhara la kipekee na kwamba mwenye kusema kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu. Dar es Salaam, katika shauri la Kessy la 1988 kuhusu moshi na harufu ya dampo la Tabata, Jaji Lugakingira alikataa kuliongezea jiji muda wa kuendelea, akaunganisha udhia na haki ya kuishi iliyo katika Ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, na watu wa huko nao wakalazimika kwenda mahakamani mwaka 1991. Mashauri hayo mawili yakisomwa pamoja, huonyesha kwamba amri ya mahakama huweza kuuhamisha udhia kuuelekeza kwa mwenye sauti ndogo zaidi. Maji ya Rwizi yanateremka kuelekea kwa watu wa namna hiyo.

Orodha ya kijiji

Mkulima wa kawaida hafiki Mahakama Kuu ya Mbarara. Anafika kwa mwenyekiti. Mwaka 1988 kamati za upinzani za vijiji zilipewa mamlaka ya kimahakama, na Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya 2006 ikayarithi. Jedwali la pili la sheria hiyo linaorodhesha mashauri ya madai yanayoweza kusikilizwa: deni, mkataba, shambulio, kujitwalia mali ya mtu, uharibifu wa mali, na uingiliaji, kwa thamani isiyozidi pointi 100 za sarafu, yaani shilingi 2,000,000. Udhia haumo kwa jina lake. Ni kweli kwamba mahakama hizo husikiliza pia mambo fulani ya ardhi, na mwanasheria hodari angeweza kuupenyeza uchafuzi kwa mlango wa uharibifu wa mali. Lakini mwenyekiti wa kijiji si mwanasheria, na mlalamikaji hana mwanasheria.

Matokeo ni kwamba kosa la kuvuka lina mlango kijijini na kosa la kudhuru halina. Ng'ombe aliyekula maharage husikilizwa siku ya pili, tathmini hufanywa, fidia hukubaliwa. Maji yaliyoharibika hayana pa kuanzia. Basi malalamiko hujifunza kuvaa nguo za yale yanayosikika: anayeudhiwa na dawa ya ng'ombe wa jirani hushitaki ng'ombe wenyewe kwa kuvuka mpaka, kwa kuwa hilo ndilo linaloeleweka. Mgogoro unaamuliwa na chanzo chake kinabaki. Mtafiti anayehesabu mashauri ya vijijini akaona uingiliaji mwingi na uchafuzi haba asidhani kwamba amepima mazingira. Amepima jedwali la pili.

Hata mlango huo ulikuwa na kasoro kwa zaidi ya muongo mmoja. Uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2007 ulizifanya kamati za vijiji na parokia zikose uhalali chini ya mfumo wa vyama vingi, na uchaguzi mpya haukufanyika hadi Julai 2018. Ndani ya Nakivale hali ni tofauti tena. Mabaraza ya ustawi wa wakimbizi, yaliyopangwa kwa ngazi zinazofanana na za mabaraza ya mitaa, husuluhisha migogoro ya kila siku chini ya macho ya Ofisi ya Waziri Mkuu, lakini sheria ya 2006 haikuyafanya mahakama. Mgogoro kati ya mkimbizi na mkimbizi huweza kumalizwa hapo. Kati ya mkimbizi na raia mwenye ng'ombe, usuluhishi huo hauna meno, na mahakama ya kijiji cha raia ni ya majirani wa upande wa pili. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1976, inampa mkimbizi uhuru wa kufika mahakamani. Haisemi ni mahakama ya ngazi gani, wala kwa lugha gani.

Neno moja la Katiba

Katiba ya 1995 ilionekana kuja na suluhisho. Ibara ya 39 inatoa haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 50 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki inapovunjwa, hata kwa niaba ya wengine. Kizuizi kilichomkwamisha Maathai hakikuwepo tena. Lakini mwenye haki katika Ibara ya 39 ametajwa kwa uraia wake: haki hiyo imetamkwa kuwa ya kila Mganda. Ibara nyingi za sura hiyohiyo husema kila mtu. Kama tofauti hiyo ilikusudiwa au iliteleza kalamuni, maandishi yamebaki hivyo. Mfasiri wa Kiswahili anapata tabu ya ziada, maana neno Mganda kwa Kiswahili humtaja mtu wa Uganda yote na pia mtu wa Buganda. Akiandika raia wa Uganda ametoa tafsiri ambayo tayari ni hukumu.

Bunge halikufuata neno hilo. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 1995 ilitoa haki kwa kila mtu, na ile ya 2019 iliyoifuta inasema kila mtu aliye Uganda. Sheria ya 1995 ilikwenda mbali zaidi kuhusu amri ya kurejesha mazingira: anayeiomba hakuhitaji kuonyesha kwamba ana haki au maslahi katika ardhi iliyodhuriwa. Kwa hiyo Katiba inamtaja Mganda na sheria iliyo chini yake inamtaja mtu. Wakili wa mchafuzi atashika ya kwanza, wakili wa mkimbizi ya pili, na washauri wa sera wanaoandaa miongozo ya Nakivale wangefanya vema kuanzia kwenye sheria ya 2019 badala ya kunukuu Ibara ya 39 peke yake, kama inavyofanywa mara nyingi.

Kumiliki na kuwa nayo mkononi

Kiswahili ndicho lugha ambayo Wakongo wengi, Warundi wengi na baadhi ya Wasomali wa Nakivale hukutania. Kwa raia wa Ankole kilibeba kumbukumbu nyingine, ya jeshi na vizuizi vya barabarani. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikiweka kuwa lugha rasmi ya pili kwa namna ambayo Bunge litaagiza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha matumizi yake kupanuliwa. Mahakama zinaendelea kwa Kiingereza, kama Sheria ya Mwenendo wa Madai inavyotaka. Kwa hiyo dai la uchafuzi linalosemwa kwa Kiswahili cha Kivu hupita kwa mkalimani kabla ya kuwa dai.

Mkalimani ana maneno gani? Kwa kosa la kuvuka, neno linalotangulia mdomoni ni uvamizi. Neno hilo limebeba nguvu, kusudi na pengine panga, na hakuna hata kimoja ambacho sheria inadai. Anayeulizwa kama jirani amemvamia atajibu hapana kwa uaminifu, na dai lake limekwisha. Uingiliaji ni neno baridi zaidi, na ubaridi huo ndio unaohitajika. Kwa kosa la pili kuna kero, neno la magazeti na la wanasiasa, ambalo limechakaa kwa kubebeshwa kila kitu kuanzia foleni hadi katizo la umeme. Udhia una kina zaidi, lakini huelekea kwenye hisia za anayeudhiwa. Fikihi ya Kishafii iliyofundishwa pwani kwa karne nyingi ilijadili moshi, maji na kuta za majirani chini ya dhana ya *dharar*, ambayo Kiswahili kinayo katika dhara na madhara. Neno hilo linarudisha mkazo kwenye tendo na athari yake, mahali ambapo sheria iko.

Tatizo kubwa zaidi liko katika umiliki. Kiswahili cha sheria, hata Tanzania ambako marekebisho ya 2021 yalikifanya kuwa lugha ya sheria na mahakama, hutumia mzizi wa miliki kwa mwenye hati na mara kwa mara pia kwa anayeishika ardhi kwa wakati huo. Mkimbizi akiulizwa "Je, unamiliki shamba hilo?" atasema hapana, maana karatasi yake na Kanuni za 2010 zimemfundisha kusema hapana. Amejibu kweli kwa swali lisilo sahihi. Swali la Foster, na la Jaji Mulenga, lilikuwa: nani alikuwa nayo mkononi, nani alikuwa akiwazuia wengine? Wanafikihi waliuita ushikaji huo kwa jina la mkono, na Kiswahili cha kila siku kinasema vilevile, kwamba mali iko mkononi mwa fulani, bila kudai kwamba ni yake. Istilahi hiyo ipo; haijaingizwa katika fomu za malalamiko wala katika mafunzo ya wakalimani. Fomu inayomwuliza mlalamikaji kama yeye ni mmiliki humaliza shauri katika mstari wa tatu, kabla mtu yeyote hajateremka bondeni kuyatazama maji.